Nafasi ya Kompaila katika Utendaji wa Programu kwenye Mifumo Endeshi Tofauti

Ikisiri

Makala hii inafafanua namna kompaila inavyoathiri utendaji wa programu inapoendeshwa kwenye mifumo endeshi tofauti, hususani Linux, Windows, macOS na Android. Hoja kuu ni kwamba tofauti ya kasi inayoonekana kati ya mfumo mmoja na mwingine aghalabu haitokani na mfumo endeshi peke yake, bali na namna kompaila ilivyolazimika kuutii mfumo huo wakati wa kuzalisha lugha ya mashine. Makala inachambua maeneo matano ambamo kompaila na mfumo endeshi hukutana: mapatano ya mwito wa funksheni, ukubwa wa aina za data, maktaba shirikishi, kiwango cha chini cha prosesa, na ufasiri unaofanyika ndani ya kifaa cha mtumiaji. Baada ya hapo inajadili mitego ya upimaji na kupendekeza masharti ambayo mtafiti anapaswa kuyatimiza kabla ya kudai kuwa mfumo fulani una kasi kuliko mwingine.

1.0 Utangulizi

Katika tafiti za sayansi ya kompyuta, ni jambo la kawaida kukutana na sentensi inayodai kuwa programu fulani huenda kwa kasi zaidi kwenye Linux kuliko kwenye Windows, au kinyume chake. Sentensi ya aina hiyo huwa na jedwali chini yake, na jedwali huwa na nambari zilizopimwa kwa uaminifu. Hata hivyo, uaminifu wa nambari hauhakikishi usahihi wa hitimisho. Programu iliyopimwa kwenye Linux kwa kawaida imezalishwa na kompaila ya GCC. Ile iliyopimwa kwenye Windows kwa kawaida imezalishwa na kompaila ya Microsoft. Mtafiti anayelinganisha mbili hizo amebadili vitu viwili kwa wakati mmoja, kisha akampa sifa au lawama mmoja tu.

Kosa hili lina gharama. Taasisi huchagua seva, hununua leseni na huandaa mitaala kwa kutegemea hitimisho la namna hiyo. Vilevile, tasnifu iliyojengwa juu ya ulinganisho usio sawa huweza kunukuliwa na nyingine, na kosa likarithiwa. Kwa hiyo, makala hii inalenga kujibu maswali mawili. Kwanza, ni kwa njia zipi mfumo endeshi huingia katika kazi ya kompaila na kuathiri kasi ya programu? Pili, mtafiti afanye nini ili atenganishe athari ya kompaila na athari ya mfumo endeshi?

2.0 Kompaila kama Mfasiri

Lugha ya Kiswahili inatofautisha vyema kazi mbili ambazo zinafaa kutumiwa hapa. Mfasiri hupewa matini iliyoandikwa, akaisoma yote, akairudia, kisha akatoa matini nyingine katika lugha lengwa. Mkalimani hufasiri papo kwa papo, sentensi baada ya sentensi, mzungumzaji akiwa bado anazungumza. Kompaila ni mfasiri. Inapokea msimbo chanzi ulioandikwa na mwanadamu, inauchambua wote, kisha inatoa amri za lugha ya mashine ambazo prosesa inaweza kuzitekeleza moja kwa moja. Kwa kuwa ina nafasi ya kuisoma matini nzima kabla ya kutoa neno la kwanza, kompaila ina uwezo ambao mkalimani hana: inaweza kuona kuwa hesabu fulani imerudiwa mara mbili na kuifanya mara moja, kuondoa sehemu isiyofikiwa kamwe, au kuipachika funksheni fupi mahali inapoitwa badala ya kuita kutoka mbali.

Swali la kasi lilikuwapo tangu mwanzo. Grace Hopper alitengeneza mfumo wa A-0 mwaka 1952, na mwaka 1957 kundi la John Backus katika kampuni ya IBM likatoa kompaila ya FORTRAN. Wakati huo wataalamu wengi walishuku kuwa mashine ingeweza kuandika amri zinazokaribia ubora wa zile zilizoandikwa kwa mkono, na ndiyo maana kundi hilo lilitumia juhudi kubwa katika uboreshaji wa msimbo. GCC iliyoanzishwa na Richard Stallman ilitolewa mwaka 1987. Mradi wa LLVM, ambao ndio msingi wa kompaila ya Clang, ulianza mwaka 2000 katika Chuo Kikuu cha Illinois. Kompaila hizi mbili, pamoja na ile ya Microsoft, ndizo zinazozalisha sehemu kubwa ya programu za lugha za C na C++ zinazotumika leo.

Hata hivyo, mfasiri mwema hatoshelezwi na kuijua lugha lengwa tu. Humlazimu kujua pia desturi za jamii inayopokea matini. Lugha lengwa ya kompaila ni lugha ya prosesa. Jamii inayopokea ni mfumo endeshi. Prosesa ileile moja inaweza kuendesha Linux asubuhi na Windows jioni, lakini amri ambazo kompaila itazalisha kwa ajili ya mifumo hiyo miwili hazitafanana, kwa sababu desturi za wenyeji zinatofautiana. Sehemu inayofuata inazichambua desturi hizo.

3.0 Maeneo ambamo Mfumo Endeshi Huiongoza Kompaila

3.1 Mapatano ya mwito wa funksheni

Funksheni moja inapoiita nyingine, lazima pawe na mapatano kuhusu mahali pa kuweka hoja zinazopelekwa. Kwenye prosesa za x86 za biti 64, Linux na macOS hufuata mapatano yanayojulikana kama System V. Kwa mujibu wa mapatano hayo, hoja sita za kwanza zilizo nambari kamili au vielekezi huwekwa kwenye rejista, na hoja hadi nane za desimali huwekwa kwenye rejista za aina nyingine. Windows hufuata mapatano yake yenyewe, ambapo hoja nne tu za kwanza ndizo hupata rejista. Zinazobaki huwekwa kwenye staki, yaani katika kumbukumbu. Aidha, kila anayeita funksheni kwenye Windows hulazimika kutenga baiti 32 kwenye staki kwa ajili ya anayeitwa, hata kama hazitatumika.

Tofauti hii huonekana zaidi katika miundo midogo ya data. Tuchukue muundo wenye kielekezi kimoja na urefu mmoja, ambao jumla yake ni baiti 16. Chini ya System V, muundo huo hupita ndani ya rejista mbili. Chini ya mapatano ya Windows, muundo wenye ukubwa usio baiti 1, 2, 4 au 8 hunakiliwa kwenye kumbukumbu, na anwani yake ndiyo hupelekwa. Programu inayopitisha miundo ya aina hiyo mara milioni nyingi italipa gharama hiyo mara milioni nyingi, isipokuwa kompaila ifanikiwe kuipachika funksheni mahali pa mwito na hivyo kuufuta mwito wenyewe.

Isidhaniwe kwamba mapatano ya Windows ni hasara tupu. Mapatano hayo yanamtaka anayeitwa azihifadhi rejista kumi za vekta, kuanzia ya 6 hadi ya 15. System V haihifadhi hata moja. Kwa hiyo, kitanzi kinachobeba nambari nyingi za desimali huku kikiita funksheni ya nje katikati kinaweza kunufaika kwenye Windows, ilhali kwenye Linux nambari hizo hulazimika kuwekwa kwenye kumbukumbu kabla ya kila mwito na kurejeshwa baadaye.

System V pia huiruhusu funksheni isiyoita nyingine kutumia baiti 128 zilizo chini ya ncha ya staki bila kuisogeza ncha hiyo. Windows haina ruhusa hiyo. Jambo la kuzingatia ni kwamba hata kiini cha Linux chenyewe hukataa ruhusa hiyo kinapofasiriwa, kwa kuwa kikatizo cha prosesa kinaweza kuandika juu ya baiti hizo. Huu ni ushahidi kuwa desturi ya mwito hutegemea mazingira ambamo msimbo utaishi, wala si ubora wa kompaila.

Kwenye prosesa za ARM za biti 64 hali ni tofauti. Huko Linux, Windows na macOS hukubaliana kwa kiasi kikubwa: hoja nane za kwanza hupita kwenye rejista. Hivyo basi, mtafiti aliyegundua pengo la kasi kati ya Linux na Windows kwenye x86 hana haki ya kulihamishia pengo hilo kwenye ARM bila kupima upya.

3.2 Ukubwa wa aina za data

Lugha ya C haisemi kwa ukamilifu ukubwa wa kila aina ya nambari. Huachia mazingira yaamue. Kwenye Linux na macOS za biti 64, aina iitwayo long ina baiti 8. Kwenye Windows ya biti 64, aina hiyohiyo ina baiti 4, uamuzi uliofanywa ili msimbo wa zamani wa biti 32 uhamishike bila kuvunjika. Msimbo chanzi ukiwa uleule, programu mbili zitakuwa zinafanya kazi mbili tofauti.

Mwandishi wa makala hii aliwahi kunaswa na mtego huu. Katika hatua za awali za utafiti wake, programu fupi ya kupanga nambari ilionekana kuwa na kasi zaidi kwenye Windows kuliko kwenye Linux. Aya nzima ilikwisha kuandikwa, ikiusifu usimamizi wa kumbukumbu wa Windows, kabla ya kubainika kuwa safu ya nambari ilitangazwa kwa aina ya long. Safu ya nambari milioni moja ilichukua baiti milioni 8 kwenye Linux na baiti milioni 4 kwenye Windows. Programu ya Windows ilikuwa inabeba nusu ya mzigo, na nusu hiyo ilienea ndani ya kashe ya prosesa iliyokuwa ikitumika. Aina hiyo ilipobadilishwa na int64_t, ambayo ina baiti 8 kila mahali, faida ile ilitoweka. Aya ikafutwa; swali lililozaa makala hii likabaki.

Kuna funzo la ziada. Kompaila ya GCC hupatikana pia kwenye Windows kwa njia zaidi ya moja. Inapotumika kupitia MinGW, long hubaki na baiti 4; inapotumika kupitia Cygwin ya biti 64, long huwa na baiti 8. Kwa maneno mengine, jina la kompaila na jina la mfumo endeshi kwa pamoja havitoshi kueleza kilichopimwa.

3.3 Maktaba shirikishi

Programu nyingi hazibebi kila kitu ndani yake. Huazima funksheni kutoka kwenye maktaba zinazoshirikiwa na programu nyingine. Kwenye Linux, utaratibu wa mafaili ya ELF huruhusu funksheni iliyo wazi katika maktaba ibadilishwe na nyingine yenye jina hilohilo wakati programu inapoanza. Uhuru huo huwafaa wanaotafuta hitilafu, kwa kuwa wanaweza kuweka funksheni yao ya uchunguzi mahali pa ile ya asili. Lakini uhuru huo una bei. GCC, ikitaka kuuheshimu, haiwezi kuipachika funksheni kama hiyo mahali pa mwito hata kama funksheni inayoita na inayoitwa ziko katika faili moja, kwa sababu haina hakika kuwa ile inayoiona ndiyo itakayotumika. Badala yake, mwito hupitia jedwali la anwani. Kwenye Windows, maktaba hutaja waziwazi funksheni inazozitoa, na mwito wa ndani ya maktaba hubaki wa ndani. Kwenye macOS, kila jina hufungwa pamoja na maktaba linakotoka, hivyo kubadilishana kwa bahati mbaya hakutokei kwa urahisi.

Mfano wa Python unaonesha ukubwa wa suala hili. Waandaaji wa Fedora 32, toleo la mwaka 2020, waliifasiri upya Python kwa kuiagiza GCC isitarajie funksheni za ndani kubadilishwa. Kasi iliongezeka kwa kati ya asilimia 5 na 27 kutegemea kazi iliyopimwa. Mwaka uliofuata, Python 3.10 ilipokea agizo hilohilo katika utaratibu wake rasmi wa uboreshaji. Hakuna mstari wa msimbo chanzi uliobadilishwa, wala kiini cha Linux hakikuguswa. Mtafiti aliyepima Python kwenye Fedora kabla ya badiliko hilo na kuilinganisha na Python ya Windows alikuwa akipima, bila kujua, sera ya kompaila kuhusu maktaba.

Ikumbukwe pia kuwa Clang, kwenye Linux hiyohiyo, kwa kawaida haijifungi kwa uhuru huo kama GCC inavyofanya. Huweza kuipachika funksheni bila kuagizwa. Mfumo endeshi ni mmoja, kompaila ni mbili, na tafsiri ya desturi ni mbili.

3.4 Kiwango cha chini cha prosesa

Kompaila haijui ni kompyuta gani itakayopokea programu. Kwa hiyo, msambazaji wa mfumo huamua kiwango cha chini cha prosesa, na kompaila huzalisha amri zisizovuka kiwango hicho. Kiwango cha msingi cha x86 ya biti 64 kina rejista za vekta za biti 128, ambazo hushughulikia nambari nne za desimali za biti 32 kwa amri moja. Prosesa zenye AVX, zilizoanza kuuzwa mwaka 2011, zina rejista za biti 256 na hushughulikia nambari nane. AVX2 ya mwaka 2013 ilipanua uwezo huo hadi kwa nambari kamili. Programu iliyofasiriwa kwa kiwango cha msingi haitumii uwezo huo hata ikiendeshwa kwenye prosesa mpya kabisa.

Wasambazaji wamechukua misimamo tofauti. Red Hat Enterprise Linux 9 ya mwaka 2022 ilipandisha kiwango hadi x86-64-v2, na toleo la 10 la mwaka 2025 likapandisha hadi x86-64-v3, ambacho kinadai AVX2. Uamuzi wa namna hii huongeza kasi kwa wenye mashine mpya na kuwafungia mlango wenye mashine za zamani. Kwa taasisi inayotegemea kompyuta zilizokwisha kutumika kwingine, suala hili ni la kama mfumo utawaka au hautawaka, kabla ya kuwa suala la kasi.

Ipo njia ya kati. Maktaba ya C ya GNU, inayotumika katika Linux nyingi, hubeba namna kadhaa za funksheni moja, kwa mfano ile ya kunakili kumbukumbu, na huchagua inayofaa prosesa wakati programu inapoanza. Kwa sababu hiyo, programu inayonakili data nyingi inaweza kuwa na kasi kwenye Linux kutokana na maktaba, ilhali sehemu yake iliyofasiriwa na kompaila imebaki katika kiwango cha chini. Anayepima jumla bila kutenganisha sehemu hizo hawezi kujua sifa ni ya nani.

3.5 Ufasiri ndani ya simu: mfano wa Android

Katika Android, mfumo unaotumika kwenye simu nyingi za Afrika Mashariki, kompaila haibaki kwa mtengenezaji wa programu. Huishi ndani ya simu. Programu huletwa ikiwa katika lugha ya kati, na simu yenyewe humalizia ufasiri. Historia ya utaratibu huu ni historia ya kutafuta uwiano kati ya mfasiri na mkalimani. Android 2.2 ya mwaka 2010 iliongeza ufasiri wa papo kwa papo katika mashine ya Dalvik. Android 5.0 ya mwaka 2014 iliiondoa Dalvik na kuweka ART, iliyofasiri programu nzima wakati wa kuisakinisha. Kasi ya kuendesha iliongezeka, lakini usakinishaji ulichukua muda mrefu, na nafasi ya hifadhi ikaliwa na lugha ya mashine. Kwa mwenye simu yenye hifadhi ndogo, hiyo ilikuwa gharama halisi.

Android 7.0 ya mwaka 2016 ilichanganya njia hizo. Programu husakinishwa upesi, mwanzoni hukalimaniwa, sehemu zinazotumiwa mara nyingi hurekodiwa, na simu inapokuwa imetulia na kuchajiwa, sehemu hizo hufasiriwa kikamilifu. Athari yake kwa utafiti ni kubwa: programu ileile, kwenye simu ileile, inaweza kuwa na kasi moja siku ya kwanza na kasi nyingine baada ya juma moja. Jedwali lisilosema programu ilikuwa katika hali gani ya ufasiri halijasema ilipimwa nini.

Kwa sehemu zilizoandikwa kwa C na C++, uhusiano huo hujitokeza kwa sura nyingine. Android 15 ya mwaka 2024 iliruhusu vifaa vinavyogawa kumbukumbu kwa kurasa za kilobaiti 16 badala ya 4. Maktaba zilizounganishwa kwa kudhani kurasa za kilobaiti 4 hulazimika kuunganishwa upya ili mipaka yake ilingane na ukubwa mpya. Hapa mfumo endeshi umebadili kipimo, na mnyororo mzima wa ufasiri umelazimika kufuata.

4.0 Kompaila Moja kwenye Mifumo Mingi

Njia mojawapo ya kupunguza mkanganyiko ni kutumia kompaila moja kila mahali. Mwaka 2018, kivinjari cha Chrome cha Windows kilianza kutolewa kikiwa kimefasiriwa kwa Clang badala ya kompaila ya Microsoft. Matoleo yake ya Linux na macOS tayari yalikuwa yakifasiriwa kwa Clang. Mwaka huohuo Firefox nayo ilihamia Clang kwenye Windows. Kabla ya hapo, aliyelinganisha Chrome ya Linux na Chrome ya Windows alikuwa akilinganisha kompaila mbili pamoja na mifumo miwili. Baada ya hapo, kigeu kimoja kati ya hivyo viwili kilidhibitiwa.

Hata hivyo, udhibiti huo si kamili. Clang inayolenga Windows hulazimika kufuata mapatano ya mwito ya Windows, ukubwa wa aina wa Windows, na maktaba za Windows. Mfasiri ni yuleyule, lakini anaandika kwa ajili ya wenyeji tofauti. Kilichoondolewa ni tofauti za ustadi wa uboreshaji. Zilizobaki ni tofauti za desturi. Kutenganisha makundi haya mawili ndiko kunakoweza kumwezesha mtafiti kusema kwa hakika kuwa tofauti fulani ni ya mfumo endeshi.

5.0 Mitego ya Upimaji

Hata kompaila na mfumo endeshi vikidhibitiwa, bado upo mtego uliofichika zaidi. Todd Mytkowicz na wenzake, katika utafiti wa mwaka 2009, walionesha kwamba mambo mawili yanayoonekana kuwa madogo huweza kupindua hitimisho. La kwanza ni mpangilio ambao mafaili huunganishwa. La pili ni ukubwa wa vigeu vya mazingira ambavyo mfumo wa jamii ya Unix huviweka kwenye staki kabla ya programu kuanza. Vigeu hivyo vikiongezeka, staki huanzia mahali pengine, data hulala kwenye mipaka tofauti, na kasi hubadilika. Kwa kuwa jina la mtumiaji na njia ya folda yake ni sehemu ya vigeu hivyo, watafiti wawili wenye majina yasiyolingana urefu wanaweza kupata majibu tofauti kutoka kwenye programu moja. Utafiti huo ulionesha kuwa swali la kama kiwango cha uboreshaji cha -O3 kinaishinda -O2 lilipata jibu la ndiyo au la hapana kutegemea mambo hayo mawili tu.

Charlie Curtsinger na Emery Berger walilifuatilia suala hilo mwaka 2013 kwa kutumia zana iliyobadili kwa nasibu mpangilio wa msimbo, staki na kumbukumbu wakati programu ikiendelea. Walipochambua matokeo kitakwimu, walikuta kuwa -O2 ina athari ya wazi ikilinganishwa na -O1, lakini faida ya -O3 juu ya -O2 katika LLVM haikuweza kutofautishwa na kelele za nasibu. Tokeo hili halimaanishi kuwa -O3 haina maana kwa programu yoyote. Linamaanisha kuwa tofauti ndogo iliyopimwa kwa mpangilio mmoja haitoshi kuwa ushahidi.

Mtego huu unaihusu mada yetu moja kwa moja. Linux na Windows hupanga staki, maktaba na anwani kwa njia zisizofanana. Ikiwa mabadiliko madogo ndani ya mfumo mmoja huweza kupindua jibu, basi pengo la asilimia chache kati ya mifumo miwili haliwezi kupewa maelezo ya kina kabla ya kuthibitishwa kuwa ni pengo kweli.

6.0 Mapendekezo kwa Watafiti na Watahini

Kutokana na mjadala huu, makala inapendekeza mambo matano. Kwanza, kila jedwali la utendaji litaje jina la kompaila, toleo lake, maagizo yote ya uboreshaji yaliyotumika, na prosesa iliyolengwa. Pili, msimbo unaolinganishwa utumie aina za data zenye ukubwa uliotajwa bayana, na matokeo ya hesabu yathibitishwe kuwa ni sawa kwenye mifumo yote kabla ya kasi kupimwa. Tatu, ulinganisho upangwe kwa msalaba: angalau kompaila mbili kwenye kila mfumo, mojawapo ikiwa ya pamoja. GCC na Clang zinapatikana kwenye Linux na kwenye Windows, hivyo sharti hili linatekelezeka hata kwa mtafiti asiye na fedha za leseni. Nne, vipimo virudiwe huku mpangilio wa uunganishaji na ukubwa wa vigeu vya mazingira ukibadilishwa, na mtawanyiko wa matokeo uoneshwe pamoja na wastani. Tano, panapojitokeza tofauti kubwa, mtafiti asome lugha ya mashine iliyozalishwa kabla ya kutoa maelezo. Kwa Android, iongezwe taarifa ya hali ya ufasiri wa programu wakati wa kipimo.

Kwa upande wa mtahini, swali moja linaweza kufichua mengi: je, tofauti hii ingebaki kama kompaila ingekuwa moja? Mtahiniwa aliyelijibu swali hilo ndani ya tasnifu yake amelinda hitimisho lake. Asiyelijibu bado ana kazi ya kufanya, hata kama nambari zake ni sahihi.

7.0 Hitimisho

Makala hii imefafanua kuwa kompaila hukaa kati ya msimbo chanzi na mfumo endeshi, na kwamba hutii amri za pande zote mbili. Mapatano ya mwito huamua ni hoja ngapi zitapita kwenye rejista. Ukubwa wa aina huamua ni mzigo gani utabebwa. Kanuni za maktaba huamua ni funksheni zipi zinaweza kupachikwa. Kiwango cha chini cha prosesa huamua ni uwezo gani utaachwa bila kutumika. Na katika simu, wakati wa ufasiri huamua ni programu ipi hasa inayoendeshwa. Kila moja ya haya linaweza kuonekana kwenye jedwali likiwa limevaa jina la mfumo endeshi. Kazi ya mtafiti ni kulivua jina hilo, kulipima kila jambo peke yake, na kuurejesha kwa mfumo endeshi ule tu ulio wake.